William Herschel: mpiga kinanda aliyegundua mwanga usioonekana

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Taa za mbele zikiwa zimeinamishwa ili zisimpofushe dereva anayekuja, humulika vizuri kama mita 50 hivi. Dereva akimwona mtu mwishoni mwa mwanga huo, inapita sekunde moja au zaidi kabla mguu haujafika kwenye breki. Gari lenyewe nalo linahitaji mita nyingine 30 na ushee ili lisimame, hata kama lami ni kavu na matairi ni mazima. Piga hesabu mwenyewe, msikilizaji. Mita hazitoshi. Ndiyo maana mtu anayetembea usiku kando ya barabara isiyo na taa, amevaa nguo nyeusi, yumo hatarini hata kama dereva hakunywa pombe wala hasinzii.

Yapo magari ambayo humwonyesha dereva mtu huyo angali mita 200 au 300 mbele, kwenye giza totoro, bila taa za mbele kuongezwa nguvu. Kwenye dashibodi kuna kioo kidogo kama cha simu, na ndani yake mtu yule anaonekana mweupe kama kivuli kilichogeuzwa rangi. Ng'ombe naye huonekana hivyo hivyo, na mbwa. Kamera ya gari haioni nguo wala sura. Inaona joto linalotoka mwilini.

Habari ya kifaa hicho inaanzia mwaka 1800 katika mji wa Slough, magharibi mwa London, nyumbani kwa mzee wa miaka 61 ambaye hakupata kuliona gari la injini maisha yake yote. Jina lake William Herschel. Wengi wanamjua kwa sababu ya sayari aliyoigundua, na hilo ndilo lililompa sifa. Lakini jambo lake linalogusa barabara zetu ni lingine, na alilifanya kwa vipimajoto vitatu na kipande cha kioo.

Mtoto wa mpiga zumari

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 katika mji wa Hanover, Ujerumani. Baba yake, Isaac, alikuwa akipiga oboe, yaani aina ya zumari, kwenye bendi ya jeshi. Watoto walikuwa wengi na fedha chache, lakini nyumba ile haikukosa muziki wala mabishano ya elimu. Baba alipenda nyota, na aliwatoa watoto nje usiku kuwaonyesha. William aliingia kwenye bendi ile ile ya jeshi akiwa bado kijana mdogo, kama miaka 14 hivi.

Wakati huo mfalme wa Uingereza ndiye pia aliyekuwa mtawala wa Hanover, kwa hiyo vikosi vya Hanover vilipelekwa Uingereza mwaka 1756 kusaidia ulinzi dhidi ya Wafaransa. Kijana akaiona nchi hiyo na kujifunza lugha yake kidogo. Mwaka uliofuata, Julai 1757, Wafaransa waliwashinda watu wa Hanover na washirika wao kwenye vita vya Hastenbeck. Baba aliona hakuna sababu ya mwanawe kubaki apigwe risasi kwa ajili ya zumari. Akamtuma Uingereza pamoja na kaka yake Jakob. Baadaye yalizuka maneno kwamba William alikuwa mtoro wa jeshi. Barua rasmi ya kumwachia huru ilitoka mwaka 1762.

Alifika London hana kitu. Alipata mkate kwa kunakili karatasi za muziki kwa mkono, akaenda kaskazini kufundisha bendi ya askari wa akiba wa Durham, akatunga simfoni, akazunguka na farasi mji hadi mji akifundisha watoto wa matajiri. Mwaka 1766 alipata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath, ambako watu wenye fedha walikwenda kuoga maji ya moto ya chemchemi. Hapo maisha yalimnyookea. Kwa miaka kumi na zaidi Herschel alikuwa mwalimu wa muziki mwenye jina, na kama angeishia hapo, leo angekumbukwa na wanamuziki wachache tu.

Mwaka 1772 alirudi Hanover kumchukua mdogo wake Caroline. Binti huyo aliugua homa ya chawa, tifasi, akiwa na umri wa miaka 10, na kimo chake hakikuzidi kama mita 1.3. Mama yao alikuwa ameshaamua kwamba Caroline atakuwa mfanyakazi wa nyumbani maisha yake yote, na hakutaka kumwachia aende. William akakubali kulipa fedha kila mwaka ili mama aajiri mtu mwingine wa kufua na kupika. Ni kama alimkomboa. Bila Caroline, sehemu kubwa ya kazi tunayoisifu kwa jina la kaka yake isingefanyika.

Vioo vya shaba na bati

Kutoka kwenye hesabu za muziki Herschel aliingia kwenye hesabu za mwanga, na kutoka hapo akataka darubini. Darubini nzuri zilikuwa ghali mno. Akanunua vifaa vya kusagia vioo kwa mtu aliyekuwa anaiacha kazi hiyo, akaanza kujitengenezea mwenyewe.

Usidhani ni kioo cha dirisha. Vioo vya darubini zake vilikuwa sahani za chuma kilichochanganywa shaba na bati, zikasagwa na kung'arishwa mpaka ziakisi mwanga kama maji yaliyotulia. Kosa dogo kuliko unene wa unywele liliharibu kazi yote. Kung'arisha kulipoanza, mikono haikuruhusiwa kuacha. Inajulikana kwamba safari moja aliendelea kwa saa 16, na Caroline akamlisha tonge kwa tonge huku akimsomea kitabu ili asichoke.

Nyumba yao ya Bath ikageuka karakana. Mwaka 1781 alijaribu kuyeyusha chuma kwa ajili ya kioo cha kipenyo cha futi 3, karibu mita moja, akiwa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Kalibu yenyewe ilifinyangwa kwa udongo na mavi ya farasi, ambayo Caroline aliyatwanga kwenye kinu na kuyachekecha. Chuma cha moto kilivuja, kikatiririka sakafuni, na mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka hadi darini. Wote waliokuwemo walikimbilia milangoni. Hakufa mtu.

Kabla ya ajali hiyo, usiku wa tarehe 13 Machi mwaka huo huo, Herschel alikuwa kwenye bustani ya nyuma ya nyumba akiangalia nyota moja moja kwa darubini ndogo zaidi. Akaona moja ambayo haikuwa nukta. Ilikuwa na uduara. Siku chache baadaye ilikuwa imesogea. Yeye mwenyewe alidhani ni nyota yenye mkia. Wanahesabu wa Ulaya walipoufuata mwendo wake, ikathibitika kuwa ni sayari, ya kwanza kugunduliwa tangu watu waanze kuandika habari za anga. Ndiyo Uranus.

Mpiga kinanda akawa mtu maarufu wa dunia. Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya London ikampa nishani yake kubwa na kumfanya mwanachama. Mfalme George wa Tatu akampa posho ya pauni 200 kwa mwaka kuanzia 1782. Ilikuwa chini ya alichopata kwenye muziki, lakini Herschel aliufunga mlango wa muziki bila kusita. Walihama Bath, na mwaka 1786 wakatulia Slough, karibu na jumba la mfalme la Windsor. Caroline naye alianza kulipwa na mfalme pauni 50 kwa mwaka, na kwa juhudi zake mwenyewe aligundua nyota zenye mkia nane.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. William alisimama juu ya ngazi gizani akitazama, Caroline alikaa chini akiandika kila anachopaza sauti kukisema. Usiku wa mwisho wa mwaka 1783, theluji ikiwa imetanda, Caroline alikimbia gizani kwenda kurekebisha mashine, akanasa mguu kwenye ndoana kubwa ya chuma. Waliomnasua waliiacha nyama ya paja kwenye ndoana.

Vipimajoto vitatu juu ya meza

Sasa tufike kwenye jambo letu. Miaka ya mwisho ya karne ile Herschel alikuwa akilichunguza jua, hasa madoa yake meusi. Kulitazama jua kwa darubini ni kujipofusha, kwa hiyo aliweka mbele ya jicho vioo vya rangi mbalimbali ili kupunguza ukali. Akagundua ajabu. Vioo vingine vilipitisha mwanga kidogo sana lakini jicho likasikia joto. Vingine vilipitisha mwanga mwingi na joto hakuna.

Mtu mwingine angetupa vioo vibaya na kubaki na vizuri, basi. Yeye aliuliza kama rangi zote za mwanga hubeba joto sawasawa.

Mwanzoni mwa 1800 alilijibu swali hilo kwa namna ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuirudia. Alipitisha mwanga wa jua kwenye prizma, kile kipande cha kioo chenye pande tatu kinachougawa mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua. Rangi zile zikaangukia mezani. Akachukua vipimajoto vitatu ambavyo vichwa vyake vilipakwa rangi nyeusi ili vipokee joto vizuri. Kimoja alikiweka ndani ya rangi, viwili alivitenga pembeni, palipo kivuli, vimwonyeshe joto la chumba lilivyo. Bila vile viwili vya pembeni asingejua kama kilichopanda ni rangi au ni chumba chenyewe kimepata joto.

Kwa digrii za Farenhaiti alizotumia, urujuani uliongeza digrii 2. Kijani kiliongeza digrii 3 na robo. Nyekundu iliongeza karibu digrii 7. Kadiri alivyosogea upande wa nyekundu, joto lilizidi.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba jua lilisogea, rangi zikahama, na kipimajoto kikaachwa kwa bahati nje ya rangi nyekundu. Hadithi tamu, lakini ripoti zake mwenyewe zinaonyesha alikusudia. Aliona joto linapanda mpaka ukingo wa nyekundu na halionyeshi dalili ya kushuka, akataka kujua linaishia wapi. Akakisogeza kipimajoto nusu inchi nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote ila meza tupu. Kwa dakika 10 kikapanda digrii 6 na nusu. Akakiweka inchi moja nje, kikapanda digrii 5 na robo. Inchi moja na nusu, digrii 3. Upande wa pili, nje ya urujuani, karibu hakukuwa na kitu.

Maana yake ni kwamba jua lilikuwa likituma kitu ambacho macho hayakioni, na kitu hicho kilipinda kwenye prizma kama mwanga unavyopinda. Herschel hakuishia kwenye jua. Alijaribu joto la mshumaa, la moto wa makaa, na la chuma kilichopashwa moto. Akaonyesha kwamba miale hiyo isiyoonekana huakisiwa na kioo cha darubini na hukusanywa na lenzi. Majaribio yake ni zaidi ya mia mbili, na matokeo aliyasoma mbele ya Jumuiya ya Kifalme mwaka huo huo.

Jina infraredi hakulijua. Lilikuja mwishoni mwa karne ya 19, likitokana na neno la Kilatini lenye maana ya chini: chini ya nyekundu. Yeye aliiita tu miale ya joto.

Na ukitaka kuisikia miale hiyo leo, huhitaji maabara. Pasha pasi ya mkaa, kisha sogeza kiganja ubavuni mwake bila kuigusa. Chuma hakiwaki, ni cheusi vile vile, lakini kiganja kinapata habari. Hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo joto linalokufikia ubavuni ni miale hasa. Mwili wako nao unatuma miale ya aina hiyo, usiku na mchana, ila ni hafifu kuliko ya pasi.

Alipokosea

Herschel hakupatia kila kitu. Baada ya kupima jinsi vioo na vimiminika mbalimbali vinavyozuia mwanga na joto, aliona viwango havilingani. Mwishoni mwa 1800 akahitimisha kwamba joto na mwanga ni vitu viwili tofauti vinavyosafiri pamoja. Mwanzoni alikuwa na mawazo ya kwamba ni kitu kimoja, akaliacha wazo sahihi na kushika lisilo sahihi. Wapo pia waliombishia kabisa kwamba miale hiyo haipo. Ilichukua miongo kadhaa kabla wanasayansi hawajakubaliana kwamba infraredi ni mwanga ule ule, ila mawimbi yake ni marefu kuliko yale ambayo jicho la binadamu limeumbwa kuyapokea.

Aliamini pia kwamba jua lina wakazi, wanaoishi kwenye ardhi ya baridi chini ya mawingu yanayong'aa. Na mwaka 1801 alijaribu kulinganisha madoa ya jua na bei ya ngano, akachekwa. Mimi naona huyu ndiye Herschel yule yule: mtu anayepima hata kile ambacho wenzake wanaona aibu kukipima.

Alioa akiwa na miaka 49, mwaka 1788, mjane aitwaye Mary Pitt, na mwaka 1792 wakapata mtoto mmoja, John. Ndoa hiyo ilimuumiza Caroline, ambaye ilibidi ahame nyumba aliyoiendesha kwa miaka 16. Aliendelea na kazi, akija kila siku kutoka nyumba za kupanga.

William Herschel alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na miaka 83. Uranus huchukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja, kwa hiyo aliishi karibu mwaka mmoja mzima wa sayari yake. Alizikwa katika kanisa la Mtakatifu Laurence huko Upton. Caroline alirudi Hanover, akaishi hadi 1848, akafa akiwa na miaka 97.

Mtoto wao John alilifikisha jina hilo Afrika. Alifika Cape Town Januari 1834 na familia yake, akakaa miaka minne akiorodhesha nyota za kusini ambazo baba yake hakuweza kuziona akiwa Uingereza. Mwaka 1840, akiwa amesharudi, John alipaka masizi kwenye karatasi, akailowesha kwa pombe kali, akaimulikia rangi za prizma. Palipoangukiwa na miale ya joto palikauka haraka na kuacha alama. Ile ndiyo picha ya kwanza ya joto.

Kutoka kipimajoto hadi barabarani

Kati ya karatasi ile na gari kuna ng'ombe mmoja. Karibu mwaka 1880, Mmarekani Samuel Langley alitengeneza kifaa cha utepe mwembamba wa madini ambao umeme wake hubadilika ukipata joto. Inasemekana kiliweza kutambua joto la ng'ombe aliyesimama umbali wa robo maili, kama mita 400. Kilikuwa kipimajoto kama cha Herschel, ila chenye hisia kali mno.

Wa kwanza kuipeleka infraredi kwenye magari walikuwa wanajeshi. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilifunga kwenye vifaru vichache aina ya Panther taa za infraredi pamoja na darubini maalumu ya kuzipokea. Taa ilimulika, adui hakuona kitu, aliye ndani ya kifaru akaona. Ubaya wake uko wazi: adui akipata darubini kama hiyo, taa yako inakuwa mwenge wa kukuonyesha ulipo.

Njia ya pili haimuliki kabisa. Inapokea tu miale inayotoka kwenye miili. Kwa muda mrefu kamera za namna hiyo zilihitaji kupozwa kwa baridi kali ili zifanye kazi, zikawa kubwa na ghali, mali ya majeshi. Katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani zilitengeneza, kwa fedha za jeshi, kamera zisizohitaji kupozwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 siri hiyo ikafunguliwa. Zilizo nyingi leo zimejaa maelfu ya vijitepe vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa kizazi cha kile cha Langley. Kila nukta ya picha ni kipimajoto. Herschel alisogeza kimoja mezani kwa mkono. Kamera ina maelfu yanayosoma kwa pamoja mara nyingi kila sekunde.

Gari la kwanza la kuuzwa kwa raia likiwa na kifaa hiki lilikuwa Cadillac DeVille ya mwaka 2000, Marekani. Aliyekitaka aliongeza takriban dola 2,000. Wajapani walifuata: mwaka 2002 Toyota iliweka kwenye moja ya Landcruiser zake mfumo wa kumulika kwa taa za infraredi, na mwaka 2004 Honda ikaleta mfumo unaotambua wenyewe kwamba kinachoonekana ni mtu na kumwonya dereva. BMW na Mercedes waliingia mwaka 2005, mmoja kwa kupokea joto, mwingine kwa kumulika. Baadaye, katika miaka ya 2010, mifumo mingine ikafundishwa kutambua wanyama wakubwa.

Ukiona gari lenye kamera ya joto, angalia kamera ilipofungwa. Iko nje, kwenye bampa au kwenye wavu wa mbele, wala si ndani nyuma ya kioo. Kioo cha gari hupitisha mwanga wa kawaida lakini huziba miale ya joto la mwili. Mzee wa Slough alishapima mwaka 1800 jinsi vioo vinavyozuia joto la moto. Kwa sababu hiyo hata lenzi ya kamera si ya kioo; hutengenezwa kwa madini kama jemaniamu, ambayo kwa macho yetu ni kama chuma kisichopitisha kitu, lakini kwa miale ya joto ni kama dirisha lililo wazi.

Ambacho kamera haioni

Kifaa hiki si miujiza. Kinatofautisha chenye joto na kisicho na joto, hakijui zaidi. Shimo barabarani lina joto sawa na lami inayolizunguka, kwa hiyo huweza kupotea kabisa kwenye picha. Lori lililoharibika tangu jioni na kuachwa bila taa wala vibao vya kuakisi, injini yake ikishapoa, ni hafifu kwenye picha kuliko mbuzi aliyelala kando yake. Mahali penye joto kali, ambapo lami na mawe yameoka mchana kutwa, mapema usiku mtu naye hatofautiani sana na ardhi, na picha inakuwa na ukungu. Ukungu mzito wenyewe na mvua kubwa hupunguza umbali.

Halafu kuna dereva. Picha inamwonya, lakini mguu wa kukanyaga breki ni wake, na anayekodolea dashibodi haangalii barabara. Magari mengi yanayopita vijijini kwetu hayana kifaa hiki, na kwa bei yake hayatakuwa nacho karibuni. Kwa anayetembea usiku, kitambaa cheupe au mkanda wa kuakisi bado unaonekana mbali kuliko shati jeusi, na kutembea upande ambao magari yanakujia usoni kunakupa nafasi ya kuruka pembeni.

Kuna jaribio moja unaloweza kulifanya na simu uliyonayo mkononi. Chukua rimoti ya runinga, fungua kamera ya simu, elekeza kitaa kidogo cha mbele ya rimoti kwenye kamera, kisha bonyeza kitufe chochote. Kwenye simu utaona nukta ikimetameta, nyeupe au ya zambarau. Iangalie kwa macho matupu: hakuna kitu. Kama kamera ya nyuma haionyeshi, jaribu ya mbele, maana kamera nyingi za nyuma zimewekewa kichujio cha kuizuia miale hiyo. Unachokiona ni infraredi iliyo jirani kabisa na nyekundu, aina ile inayotumiwa na magari yanayomulika. Ile ndefu zaidi inayotoka kwenye mwili wako, kamera ya kawaida ya simu haiwezi kuipata.